Kipenzi cha Mwenye Kimoja

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, watu wanaokusanya visu vya mfukoni huulizana: mwaka huu kipenzi chako kilikuwa kipi? Hawazungumzii visu vya jikoni wala vya vita. Ni vile vya kukunja, vya mtindo wa zamani, vyenye mpini wa mfupa, pembe au mti. Marekani kuna visu vya Case, vinavyotengenezwa Pennsylvania, ambavyo wengine huvinunua na kuviacha humo humo kwenye boksi. Ufaransa kuna Opinel, kisu cha mpini wa mti ambacho Joseph Opinel alianza kukitengeneza kule Savoie mwaka 1890, na ambacho hadi leo mtu wa kawaida anaweza kukinunua. Hata kwetu Afrika tuna chetu, ingawa neno "chetu" hapa lina mushkeli kidogo: kisu cha Okapi, chenye nyota na mwezi kwenye mpini, kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani barani humu. Sasa kinatengenezwa Afrika Kusini, na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanakitafuta.

Mkusanyaji mmoja anaweza kuwa na visu mia mbili. Atavipanga juu ya kitambaa, atavipiga picha, atakueleza kwamba hiki mlio wake kikijifunga ni mtamu, na hiki mfupa wake umeanza kugeuka rangi kwa jasho la kiganja. Kisha atachagua kimoja.

Ni rahisi kuwacheka. Ila sisi wa vitabu tuna homa hiyo hiyo. Desemba ikifika, nani kati yetu hajaandika orodha yake ya vitabu vya mwaka? Tunapiga picha vitabu vilivyopangwa kitandani, tunabishana, tunaapa kwamba fulani kapunjwa. Nami naipenda michezo hii, sijioni mtakatifu. Kinachonisumbua ni dhana iliyojificha ndani yake: kwamba ili ukipende kitu sawasawa lazima uwe umekilinganisha na vingine ukaviacha. Basi mwenye kimoja, je? Ana kipenzi, au ana kitu tu?

Bibi yangu mzaa mama, wa Ruangwa, nje kidogo ya mji, alikuwa na kisu kimoja. Nikisema kimoja nina maana ya kimoja. Mhunzi alikifua kwa kipande cha springi ya gari, mpini wa mti, umefungwa waya pale ulipopasuka. Babu alikuwa akisema chuma kile kilitoka kwenye matingatinga ya Waingereza waliokuja Nachingwea kulima karanga, ule mradi ulioanza mwaka 1947 ukafa 1951 na kuacha vyuma porini. Babu alipenda hadithi, kwa hiyo sitaisimamia hiyo mahakamani.

Kisu hicho kilimenya muhogo. Msimu wa korosho kilikata mabibo. Kilikata ng'onda aliyekuja kutoka Lindi akiwa mgumu kama ubao, kilichana miyaa ya mikeka, kilifungua magunia, na siku nyingine kilikata kucha za wajukuu, jambo ambalo mama yangu alilipigia kelele kila mara na kila mara hakusikilizwa. Jiwe la kunolea lilikuwa limeula ubapa mpaka umebaki mwembamba, umepinda katikati. Ukikishika ulikuwa unaona miaka iliyokwisha pale ambapo chuma kimekosekana.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari niliyejaa maswali ya kipumbavu, nikamuuliza: "Bibi, kisu gani unakipenda kuliko vyote?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anaupenda mguu upi.

"Kwani viko vingapi, mume wangu?"

Tulicheka. Lakini jibu lile limenirudia mara nyingi, na sababu ni Babu mwenyewe. Bibi hakumchagua Babu. Wajomba zake walikaa, posa ikapokelewa, yeye akaambiwa. Alikuwa hajatimiza miaka 16. Waliishi pamoja zaidi ya miaka 40. Babu alipoishiwa nguvu za miguu, Bibi ndiye aliyemwogesha, akamkokota hadi kivulini, akamsikiliza akirudia hadithi ya matingatinga kana kwamba haijui. Babu alipofariki, kofia yake ilibaki kwenye msumari ule ule, na sisi tulijua si ya kugusa.

Katika siku za msiba, binamu yangu mmoja, msomi, alituambia sisi vijana pembeni: "Bibi hakuwahi kumpenda. Alizoea tu."

Alizoea tu. Hiyo "tu" ndiyo iliyonichoma, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kumjibu. Maana hoja yake ina nguvu, tusijidanganye. Kama mtu hakuwa na uwezo wa kusema hapana, ndiyo yake ina uzito gani? Hatumsifu mfungwa kwa kutulia nyumbani. Tena ukisema kwamba mapenzi ya Bibi yalikuwa mapenzi kamili, kuna mjomba fulani mahali fulani atakayekusikia akafurahi: unaona? Mwoze tu, atapenda mbele ya safari. Hapo ndipo penye hatari, na binamu yangu aliiona.

Kwanza niliikimbilia lugha. Kiswahili kimeitoa "kupendelea" ndani ya "kupenda". Unaweza kupenda bila kupendelea, kama mama mwenye watoto watano. Kupendelea bila kupenda hata kidogo sijui kunafananaje. Tena tukiligeuza tendo hilo kuwa jina tunapata "upendeleo", ambalo ni tuhuma. Mwalimu mwenye upendeleo, mwamuzi mwenye upendeleo. Nilidhani nimemshinda binamu. Baadaye nikaona kwamba maneno hayawezi kumtoa mtu katika deni la namna hii. Lugha haikuwepo kwenye kikao cha wajomba.

Halafu kuna ile hadithi ya Wachina, katika kitabu cha Zhuangzi, ya mpishi aitwaye Ding aliyemchinjia mtawala ng'ombe. Mpishi wa kawaida, anasema Ding, hubadilisha kisu kila mwezi kwa sababu anakatakata ovyo. Mpishi mzuri hubadilisha kila mwaka. Yeye Ding alikuwa na kisu kimoja kwa miaka 19, kimepita kwenye maelfu ya ng'ombe, na makali yake bado kama ya jana, kwa sababu ameijua nafasi iliyopo kati ya kiungo na kiungo na hupitisha kisu pale penye uwazi. (Kwa hesabu hiyo, kuwa na kisu kipya cha mwaka ni daraja la pili. Wakusanyaji wasinikasirikie.) Hakuna anayesoma kisa kile akasema, "Aa, alizoea tu." Mazoea yake ndiyo ujuzi wake. Mkono umekijua kisu na kisu kimemfundisha ng'ombe alivyo.

Bibi alimjua Babu namna hiyo. Alijua wapi pa kupita. Alijua asiulize habari za fedha kabla hajala, alijua kikohozi kipi ni cha ugonjwa na kipi ni cha kumkatisha mgeni maneno. Ujuzi wa aina hiyo haupatikani kwa kuchagua, hata uchague mara mia. Unapatikana kwa kubaki. Na aliyebaki miaka yote ile, akafanya kila siku mambo ambayo hakuna aliyekuwa akiyasimamia, siwezi kumwambia kwamba alichokifanya hakina jina.

Lakini Ding, kumbuka, hakulazimishwa kuwa na kisu kimoja. Hapo kisa chake kinanikatikia mkononi.

Aristotle anakisaidia zaidi kichwa changu, ingawa si kwa wema. Mwanzoni mwa kitabu chake cha siasa anakitaja kisu cha Delphi, ambacho wahunzi walikitengeneza kwa ubahili kifanye kazi nyingi. Maumbile, anasema, si bahili hivyo. Huumba kitu kimoja kwa kazi moja, na chombo hufanya vizuri zaidi kikiwa na kazi moja. Na anayasema hayo akitaka kuonyesha kwamba mwanamke na mtumwa si kitu kimoja. Nilipofika hapo nilikiona kisu cha Bibi, cha muhogo na ng'onda na kucha. Kisha nikamwona Bibi mwenyewe: mkulima, mpishi, muuguzi, mlezi wa wajukuu saba, msuluhishi wa ugomvi wa majirani. Yeye ndiye alikuwa kisu cha Delphi, na ubahili haukuwa wa maumbile. Kwa hiyo tunapovutiwa na kisu kimoja kilicholiwa na jiwe, tukakipiga picha na kukiita uzuri wa maisha rahisi, tuwe waangalifu. Kimoja kile kilikuwa kimoja kwa sababu hapakuwa na hela ya cha pili.

Uchaguzi wenyewe una ulaghai wake pia. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alishuka Lindi, akaelekea Masasi hadi Newala akikusanya vitu vya watu wa kusini. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka mmoja tu kabla. Jeshi la Wajerumani liliteketeza vijiji, mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikafuata. Fikiria unaishi katika nchi hiyo, na mgeni mwenye sarafu, aliyekuja kwa nguvu ya serikali ile ile, anakionyesha kidole chombo chako cha pekee na kukutajia bei. Ukikubali, daftari litaandika kwamba umeuza. Kwenye sanduku la kioo kule Leipzig hapataonekana alama ya ulichokuwa ukikifikiria. Na miaka minne kabla ya hapo Solingen ilikuwa imeanza kutengeneza visu vya kutuuzia. Vyetu vinakwenda kukaa bure, vyao vinakuja kufanya kazi: pande zote mbili soko linasema watu wamechagua.

Nayasema haya kwa sababu binamu yangu aliufanya uchaguzi kuwa mizani ya kila kitu. Pasipo uchaguzi hakuna mapenzi. Palipo na uchaguzi yapo. Mimi naona mambo mawili ambayo yeye aliyafunga kwenye furushi moja. Wajomba walimdhulumu Bibi, na dhuluma ile haikufutwa na miaka 40 ya ndoa njema. Isingefutwa hata kwa miaka 100. Na mapenzi yaliyoota baadaye yalikuwa mali yake yeye, aliyalima kwa jembe lake, kwa hiyo hayawezi kutumika kulipa deni la wajomba, wala hayawezi kunyang'anywa kwa sababu deni lile lipo. Mjomba akija kuyadai kama ushahidi wake, hana haki. Msomi akija kuyakana ili amshinde mjomba, naye hana haki.

Nawarudia wakusanyaji wa visu, maana nimewasoma kwa muda na wamenishangaza kwa jambo moja. Mara nyingi kipenzi chao cha mwaka si kile cha bei wala kile adimu. Ni kile ambacho, wakirudisha mawazo nyuma, wanagundua kilikuwa mfukoni siku nyingi zaidi. Walitoka nacho asubuhi bila kufikiri, wakakatia kamba, wakamenyea chungwa. Desemba wanahesabu tu. Mwenye mia mbili naye, akiulizwa kwa dhati, anajibu kwa mazoea. Labda na sisi orodha zetu tungeziandika hivyo: kitabu kilichokunjika pembe kwenye begi, chenye mchuzi ukurasa wa 40, badala ya kile tulichokiweka juu ya rundo ili tupigwe nacho picha.

Miaka michache baada ya msiba, mjomba wangu wa Dar es Salaam alimletea Bibi seti ya visu sita, mipini ya rangi rangi. Nilitegemea ataviweka sandukuni kama vitenge vya sikukuu. Wapi! Kesho yake chekundu kilikuwa kinakata nyanya, na viwili alikuwa ameshawagawia wakwe wa jirani. Cha zamani kilibaki kwenye muhogo. Sikumuuliza tena anakipenda kipi.

Mwaka huo huo ilikuja posa ya dada yangu. Kikao kilikuwa chumbani kwa Bibi, wajomba wamekaa kwenye mkeka, barua na bahasha mbele yao, na mkubwa wao alishaanza kusema kwamba kijana ni wa watu wema, korosho ziko, nyumba ya bati ipo. Bibi alikuwa kimya muda wote. Mjomba alipofika mahali pa kusema "basi sisi kama ukoo," Bibi akanyanyua mkono, akamgeukia dada aliyekuwa ameinama karibu na mlango.

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Wajomba wakatazamana. Mmoja akakohoa. Dada alichukua muda mrefu sana kujibu, na Bibi hakumharakisha.