Walinzi Waliokataa Amri ya Mfalme

Soma 1 Samweli 22:6–19. Walinzi wa Sauli walikuwa na nini cha kupoteza kwa kukataa amri yake?

Sauli alikuwa ameketi Gibea chini ya mti, mkuki mkononi, watumishi wake wamesimama kumzunguka. Aliwageukia Wabenyamini, watu wa kabila lake, akawauliza kama mwana wa Yese angewapa wao mashamba na mizabibu, au kuwafanya wakuu wa maelfu na wa mamia. Swali hilo liliwakumbusha mkate wao unatoka wapi. Mkuki nao haukuwa pambo, kwa maana alikuwa amekwisha kumtupia Yonathani, mwanawe mwenyewe (1 Samweli 20:33).

Kuhani Ahimeleki alikuwa amempa Daudi mikate na upanga wa Goliathi, bila kujua kwamba Daudi anamkimbia mfalme. Alijieleza kwa adabu. Sauli akatoa hukumu papo hapo, akawaamuru walinzi wawaue makuhani. Hakuna aliyeinua mkono.

Angalia pia kile ambacho hawakufanya. Habari haisemi kwamba walimgeuzia Sauli silaha au kumtukana. Walikataa jambo moja tu, lile ambalo hakuna mfalme mwenye haki ya kuliagiza. Baadaye Daudi naye, alipompata Sauli pangoni, moyo ulimchoma kwa kukata tu upindo wa vazi lake (24:5). Warumi 13:1–7 na Matendo 5:29 hutajwa mara nyingi kana kwamba yanagombana. Pale Gibea yanakaa pamoja.

Hata hivyo, habari hii haimwachi msomaji ameridhika. Kukataa kwao hakukumwokoa Ahimeleki. Doegi Mwedomi aliipokea amri waliyoikataa, akaua makuhani 85 siku hiyo, kisha mji wa Nobu ukapigwa, wanawake na watoto wachanga, hata kondoo. (Sauli yuleyule ndiye aliyewahurumia kondoo wanono wa Amaleki, Bwana alipomwagiza asiwahurumie!) Walinzi walikuwa wengi, Doegi mmoja. Lakini hatusomi kwamba yeyote alimshika mkono, wala kwamba alisema neno.

Linganisha na 1 Samweli 14:43–45. Siku ile Sauli aliapa kwamba Yonathani lazima afe, kwa kuwa alionja asali. Watu walimpinga mfalme waziwazi, wakaapa kwamba hatadhurika, naye akapona. Kwa nini sauti ilipatikana kwa ajili ya Yonathani, ikakosekana kwa ajili ya makuhani? Yonathani alikuwa shujaa wa vita na mwana wa mfalme. Ahimeleki alikuwa ameshtakiwa kwa njama, na aliyemtetea angeweza kuhesabiwa kuwa mtu wa Daudi. Pengine hofu hiyo ilitosha.

Karani anaweza kukataa kuingiza majina ya wafanyakazi hewa katika orodha ya mishahara, kazi hiyo ikapewa mwenzake wa meza ya pili. Mikono yake imebaki safi, na fedha zimeibwa vilevile. Kukataa kwake si bure. Hata kukataa kwa walinzi wa Gibea, ambao majina yao hayajulikani, kumeandikwa katika Maandiko. Lakini yule wa meza ya pili bado ameketi pale, wala hajaambiwa neno.

Soma 1 Samweli 22:20–23. Abiathari, mwana wa Ahimeleki, alitoroka akampelekea Daudi habari. Daudi hakumlaumu Doegi kwanza. Alikiri kwamba siku ile alipomwona Doegi kule Nobu alijua angemwambia Sauli, akajihesabia yeye mwenyewe vifo vya jamaa ile. Ndipo akamwambia Abiathari akae kwake bila hofu.

Kwa mazungumzo darasani: Mlinzi wa Gibea angeweza kumwambia Sauli nini bila kumvunjia heshima? Na Doegi, aliyekuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake, angemwambia nini?