Kuwajengea Wengine, Kwako Kukivuja

Swali la leo akina mama huliuliza kwa sauti ya chini, kwa kuogopa kuonekana wanapinga kazi ya Mungu.

Parokia imetangaza safari ya majuma mawili ya kuzijengea nyumba familia zenye shida. Baba ndiye wa kwanza kuinua mkono. Anatoa nauli, anatoa pesa za mabati, anatoa na likizo yake yote. Nyumbani karo haijalipwa, paa la jikoni linavuja, na mama amepata habari kanisani kama watu wengine. Je, baba huyu anatenda mema?

Wengine watasema kumsaidia maskini ni wema daima. Lakini Mtume Paulo alimwonya Timotheo vikali juu ya mtu asiyewatunza watu wa nyumba yake. Wengine watasema, amalize kwake kwanza. Hao nao wafikiri tena: haja za nyumbani haziishi. Leo ni paa, kesho karo, keshokutwa viti vipya. Tukingoja tushibe ndipo tutoe, maskini atalala nje maisha yake yote.

Tutazame mfano wa Millard na Linda Fuller wa Marekani. Hawakuwa Wakatoliki, lakini maisha yao yanatufundisha. Millard alikuwa wakili na mfanyabiashara tajiri sana, asiye na nafasi kwa mkewe. Mwaka wa 1965 Linda aliondoka akaenda New York. Mumewe alimfuata, wakapatana, kisha wakakubaliana pamoja kuuza mali yao na kuwagawia wenye shida. Mwaka wa 1973 walikwenda na watoto wao Mbandaka, Zaire ya wakati ule, wakajenga nyumba. Mwaka wa 1976 walianzisha Habitat for Humanity, shirika lililofika hata kwetu Kenya mwaka wa 1982.

Angalia utaratibu huo: walitengeneza ndoa, ndipo wakajenga nyumba. Tena, katika mpango wao familia inayojengewa haikuwa mtazamaji tu. Ilishiriki kazi kwa mikono yake na kulipa gharama kidogo kidogo, bila kutozwa riba. Kama maskini anashirikishwa katika nyumba yake, yawezekanaje mke asishirikishwe katika sadaka ya nyumba yake?

Hapo ndipo penye jibu. Pesa na siku za mtu aliyeoa si zake peke yake. Akizitoa bila kumshauri mwenzake, hajatoa sadaka. Amechukua cha mwenzake na kukiita sadaka. Sifa anapata yeye, gharama wanalipa mke na watoto.

Basi, kabla ya kuandikisha jina, mume na mke waketi pamoja. Wahesabu karo na chakula. Waulizane nani atabaki na watoto, na mzigo wake utapunguzwa vipi. Mama naye asikatae kwa uchoyo tu. Kama paa laweza kuzibwa kwa mabati mawili, lizibwe, na baba aende na baraka zake. Naye aliyebaki akilea watoto ahesabiwe kuwa amejenga.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Majirani huona mlango. Walio ndani ndio wajuao panapovuja.