Kamisheni ya Shangazi

Tangazo lilisema: uza bima kwa simu ukiwa nyumbani, kipato hakina kikomo. Kweli hakikuwa na kikomo cha juu. Cha chini nacho hakikuwepo, ila hilo tangazo halikulitaja.

Binti wa kisa hiki nimemtunga, lakini wapo wengi watakaojiona ndani yake. Alikaa Likoni, Mombasa, na kwa mtu wa Likoni kazi isiyotaka kuvuka feri kila alfajiri ni neema. Akahudhuria mafunzo ya wiki mbili yasiyo na malipo, akatia sahihi. Mkataba ulimtaja kuwa wakala, si mwajiriwa, naye akapita hapo mbio kama tupitavyo sote. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo, siku ya mapumziko na ilani kabla ya kuachishwa. Wakala wa kamisheni hana cha kudai humo. Stima ni yake, bando ni lake, salio la kupigia simu ni lake.

Namba alitumiwa kwa WhatsApp, orodha ndefu iliyokwisha kupita mikono mingi. Wengi hawakushika. Walioshika waliuliza, “Namba yangu umeitoa wapi?” Hakuwa na jibu, na swali lilikuwa la haki: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hairuhusu taarifa za mtu zitumiwe kibiashara bila ridhaa yake, isipokuwa pale sheria inapotoa ruhusa. Lakini matusi humpata anayepiga, si aliyeikusanya orodha.

Hesabu nayo ilimpotosha. Kamisheni ya shilingi 3,000 ilipoingia kwenye M-Pesa aliiona donge nono. Angetoa bando na salio, kisha akaigawa kwa saa zote alizopiga simu zisizoshikwa, angekuta mama fua wa jirani anamzidi, tena mama fua hulipwa jioni ileile. Kazi ya kamisheni hupimwa kwa saa, zikiwemo zile ambazo hakuna aliyenunua. Anayekuajiri akikataa kukuambia mawakala wake wa kawaida (si yule bingwa wa mwezi) hupata nini, amekwisha kukujibu.

Mwezi wa pili msimamizi alimwuliza, “Kwani wewe huna jamaa? Anza na watu wako.” Hapo angeshtuka. Kampuni inayokutuma kwa ndugu zako imeishiwa na wateja, sasa inatumia imani ambayo ndugu wanayo kwako tangu utoto wako, na haikulipi chochote kwa imani hiyo.

Akampigia shangazi yake wa Kisauni, anayekaanga mahamri asubuhi.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Haya, hiyo bima, nikishindwa kulipa mwezi mmoja?”

“Usijali, mimi nipo.”

Maneno aliyokaririshwa mafunzoni hayakuwa na jibu la swali lile. Bima ya akiba kama hiyo, ikikatizwa katika mwaka wa kwanza, kwa kawaida haimrudishii mwenyewe kitu, kwa sababu michango ya mwanzo huishia kwenye gharama, na sehemu ya gharama hizo ndiyo kamisheni ya muuzaji. Shangazi alilipa miezi minne. Unga ukapanda bei, akakosa wa tano na wa sita, bima ikafa.

Ndipo binti alipokijua kifungu cha mwisho cha mkataba: mteja akiacha kabla ya mwaka, kamisheni inarudi kwa kampuni. Mwisho wa mwezi huo akawa ndiye anayedaiwa. Michango ya shangazi ilibaki na kampuni, kamisheni nayo ikarudi kwa kampuni.

Kazi ameiacha. Shangazi bado hushika simu yake, ila siku hizi salamu huanza yeye: “Mwanangu, leo huuzi kitu?”