Mbio za Farasi: Sabaq na Kamari

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza watu ni hili. Sheria imeruhusu mashindano ya farasi, tena imeruhusu mshindi apewe mali. Na Sheria hiyo hiyo imeharimisha kamari. Basi mtu aendaye uwanjani akaweka fedha yake juu ya farasi husema: "Jambo hili lina asili katika dini, na mimi ni mjuzi wa farasi, sichezi bahati." Neno hili halijibiki kwa makemeo. Atakaye kulijibu yampasa kwanza ayafahamu maneno ya watu wa mbio, wa kale na wa sasa.

Waarabu walimpa kila farasi jina kwa kadiri ya kufika kwake. Wa kwanza ni mujalli. Wa pili ni musalli, kwa kuwa kichwa chake kimekaribiana na kiuno cha aliyemtangulia. Na wa mwisho ni sukeit. Mwisho wa uwanja hukitwa mwanzi, na atanguliaye huung'oa. Mtume, swala na salamu zimfikie, alishindanisha farasi Madina. Waliokondeshwa kwa mazoezi walitoka Hafyaa mpaka Thaniyatul-Wadaa, mwendo wa maili tano au sita. Wasiokondeshwa walitoka hapo Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zureik, kama maili moja. Abdallah bin Umar alikuwa mmoja wa waliopanda. Mali apewayo mshindi ndiyo iitwayo sabaq, na hadithi imeifunga katika ngamia, farasi na mishale, kwani hivyo ndivyo vilivyokuwa vyombo vya vita.

Wanavyuoni hawakutosheka na kuuliza kama iko mali. Waliuliza imetoka kwa nani. Ikitolewa na mtawala au mtu wa kando, ni halali, kwani hapana katika washindani apatwaye na khasara. Akitoa mmoja katika wawili, akasema, "Ukinishinda ni yako, nikikushinda yabaki kwangu," pia ni halali, kwa kuwa mwenziwe hana atakachopoteza. Wakitoa wote wawili, hapo ndipo mlango wa kamari: kila mmoja yu baina ya kupata na kupotelewa, na faida ya huyu ndiyo khasara ya yule. Kwa madhehebu ya Shafii hawaruhusiwi mpaka aingie wa tatu asiyetoa kitu, aitwaye muhallil, na farasi wake awe kufu ya farasi wao hata achelewe kuwashinda. Akiingizwa farasi kibogoyo, mradi kutimiza idadi, hakuhalalisha kitu. Imam Malik, katika kauli yake mashuhuri, hakumkubali muhallil. Naye Ibn al-Qayyim, aliyetunga kitabu kizima juu ya ufarisi, aliona hahitajiwi. Lakini ikhtilafu zote hizi ni za wenye farasi na wapandao. Mtazamaji aliyekaa kitako, asiye na farasi wala mkuki, hamo katika ruhusa hiyo.

Sasa na tutazamwe Uingereza, ambako farasi wote wa mbio, kwa nasaba ya kuumeni, hutokana na madume watatu walioletwa kutoka mashariki; mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Halab mwaka 1704. Mbio za Derby zilikimbiwa mara ya kwanza Epsom mwaka 1780. Mbio kama hizo waliziita swipsteki, maana yake kufagia dau: kila mwenye farasi huweka fedha, na atanguliaye huzifagia zote. Mwenye kusoma bab ya sabaq aijua sura hii bila ya kufundishwa na Mwingereza. Ni wote kutoa, na muhallil hayupo.

Hao ni wenye farasi. Ama watazamaji, wao huwa na mtu wao, bukimeka, yaani mshika daftari. Yeye hutangaza nisba. Akisema "tano kwa moja", maana yake ni hii: weka shilingi 10; farasi wako akishinda utapewa 50, na zile 10 utarudishiwa; akishindwa, zimekwenda. "Sawa kwa sawa" ni 10 kwa 10. Farasi atarajiwaye na wengi huweza kuwa "moja kwa mbili", uhatirishe 10 upate 5. "Kila njia" husikika kama akiba, nayo ni sharti mbili katika tikiti moja: nusu ya fedha juu ya kushinda, na nusu juu ya kufika miongoni mwa wa mbele.

Watu hudhani nisba ni elimu ya farasi. Na zihisabiwe. Wako farasi watatu: wa kwanza sawa kwa sawa, wa pili mbili kwa moja, wa tatu tatu kwa moja. Mtu atakaye kupokea shilingi 12, farasi yeyote ashinde, itampasa aweke 6 juu ya wa kwanza, 4 juu ya wa pili, na 3 juu ya wa tatu. Jumla ni 13. Ametoa 13 ili apokee 12. Ile moja ni ya mshika daftari, wala haikutoka miguuni mwa farasi.

Iko na njia nyingine, aliyoibuni Joseph Oller mjini Paris katika miaka ya 1860. Fedha zote hutiwa katika chungu kimoja. Msimamizi hukata sehemu yake kwanza, na zilizobaki hugawanyiwa walioweka juu ya mshindi. Husemwa kwamba hapa hapana anayedhulumu, kwa kuwa wote ni sawa. Kwa hakika hapa mambo ni wazi zaidi: kila senti apokeayo mtu imetoka mfukoni mwa aliyekaa naye ubao mmoja.

Ama hoja ya ujuzi ndiyo yenye nguvu, na haifai kuipuuza. Yuko mtu ajuaye nasaba ya farasi, uzito aliotwikwa katika handikapu ili mbio zisawazishwe, tabia ya mpandaji, na hali ya uwanja baada ya mvua. Huyo si kama arushaye dadu. Lakini sataranji haina dadu kabisa, ni akili tupu. Na wachezaji wawili wakiweka mali kila mmoja, mafakihi huita kamari. Basi sababu ya kuharimishwa haikuwa ujinga wa mchezaji. Sababu ni kuichukua mali ya mtu bila ya kumpa badala. Tena ujuzi ukizidi, ndipo swali linapozidi kuwa zito: mjuzi huyu anamshinda nani? Mshika daftari amekwisha jitengea shilingi yake ya kumi na tatu. Mjuzi hula fedha za wasiojua. Wala haimwokoi kusema atatoa sadaka katika faida yake: Waarabu wa Jahiliya waliogawana ngamia kwa mishale ya maysir waliwapa maskini nyama waliyoipata, na Qurani, pamoja na kukiri kwamba yako manufaa, ikasema dhambi yake ni kubwa zaidi. Kisha aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida zikakata, zikataja na uadui na bughudha.

Kombe la Dunia la Dubai lilipoanzishwa mwaka 1996, uwanjani hapakuwekwa dirisha la kupokea sharti; na wakati huo huo watu wa nchi nyingine waliwawekea fedha farasi hao hao. Mbio ni moja, na mikono iko mbali mbali.

Pwani hii farasi ni haba, lakini maneno yao yamefika kwa njia ya simu, na vijana huyatumia katika mpira. Sharti ya mechi nyingi pamoja huitwa mkeka. Ikikosea moja, husema mkeka umechanika. Hiyo ndiyo sharti ya kulimbikiza ya uwanja wa farasi, ambayo malipo ya mbio ya kwanza huwekwa yote juu ya ya pili. Kila mechi ina milango mitatu, kushinda, kushindwa na sare, kama wale farasi watatu. Kasoro ya 12 kwa 13 ikirudiwa mara tano, mwenye mkeka wa mechi tano, katika kila shilingi 100 anazotoa, hurudishiwa kwa wastani kama 67.