Je! Roho za Watu ni Mali ya Kushindaniwa?



Mtu akiamka alfajiri katika Mji Mkongwe wa Unguja husikia adhana. Baadaye husikia kengele za makanisa ya Mkunazini na Minara Miwili. Na akipita Hurumzi huliona hekalu la Wahindu. Njia ni nyembamba, hata watu wa dini hizi zote hawana budi kupishana bega kwa bega. Basi walimu wetu hutuuliza: Je! yatupasa kushindana na jirani zetu kwa kutafuta wafuasi, ama tunyamaze kwa ajili ya amani?

Wazee walinena, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake kwa mataifa yote. Kunyamaza hatuna ruhusa. Ila kutembea na Neno ni agizo, bali kulitembeza kama bidhaa ya mnadani ni aibu. Atembeaye na Neno hulisema wazi, akamwachia msikiaji kupima. Alitembezaye hutia chambo cha mchele na nguo, akaitukana bidhaa ya mwenziwe.

Tutazame mfano wa mji huu. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kuwa Askofu mwaka 1874, alitaka Zaburi zipatikane kwa Kiswahili. Katika dibaji ya kitabu chake cha kufundisha lugha, kilichopigwa chapa mwaka 1870, alieleza kwamba Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni wa Kiislamu, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Kazi haikufika mbali, kwa kuwa sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na lugha yake ilikuwa ya kitaalamu mno. Sheikh alibaki Mwislamu, Steere alibaki mmisionari. Walakini tofauti hiyo haikuwazuia kusaidiana.

Mwaka 1923 ilitoka Kurani kwa Kiswahili, kazi ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana aliyekaa Unguja, pamoja na maelezo ya kubishana na Uislamu. Waislamu hawakuridhika; baadaye wakatoa tafsiri zao, mojawapo ile mashuhuri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwaka 1969. Hapo twajifunza: aielezaye imani ya jirani na aieleze hata jirani mwenyewe aitambue. Katekisimo Ndogo, kwa Amri ya Nane, yatufundisha si tu tusimsingizie jirani, bali tumtetee na kumnena vema. Wala neno jirani halina mpaka wa dini.

Tena tukumbuke mahali lilipojengwa kanisa la Mkunazini. Ndipo palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Hapo watu walihesabiwa kama mali. Na tuogope tusije tukawahesabu tena kwa namna nyingine. Twakiri kwamba sisi wenyewe, tulipoandika taarifa ya mwaka, tuliifurahia hesabu ya waliobatizwa kuliko kuuliza ni wangapi wanaoelewa. Na alipotujia mtu aliyeacha kanisa la jirani kwa sababu ya ugomvi, tulimwandika upesi, kabla ya kuuliza kama amepatana na nduguze. Tuliona tumepata, kumbe tulikuwa tumechukua.

Wengine watasema, Maneno haya ni mepesi kwa asiyeumizwa. Twajua kwamba mwaka 2012 makanisa yalichomwa moto Unguja, na Februari 2013 Padre Evarist Mushi aliuawa kwa risasi. Hatusemi uchungu huo ni mdogo. Bali tukiwatwika jirani zetu wote kosa la wauaji, tumeivunja Amri ya Nane pale pale inapotugharimu.

Basi, walimu wapendwa, lihubirini Neno pasipo hofu na pasipo chambo. Jirani akiuliza, mjibuni kwa upole. Akikataa, msalimieni kesho kama jana. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba mkuzaji si mpandaji wala mtia maji, ila ni Mungu. Ikiwa ndivyo, hesabu ya mavuno na tumwachie Yeye mwenye shamba.