Mjumbe Hauawi, na Mbebaji Je?

Wazee husema mjumbe hauawi. Mimi hujiuliza kama msemo huo unamfikia kijana wa boda anayetoka stage ya Ukunda kuelekea Msambweni na kifurushi kilichofungwa, asijue kilichomo.

Sheria ya Kenya ya kudhibiti dawa za kulevya, ya mwaka 1994, haimpi nafuu kubwa. Inapoeleza maana ya ulanguzi inataja kuuza, kununua na kuingiza nchini, halafu inataja pia kuhifadhi, kusafirisha na kufikisha. Si lazima uwe mwenye mali ndio uitwe mlanguzi. Tena mtu akipatikana na hatia, hata chombo kilichobeba mzigo chaweza kutaifishwa, na pikipiki yenyewe pengine bado iko kwa mkopo.

Sasa chukua mfano mgumu zaidi. Iko bangi inayolimwa kwa nyuzi na mbegu zake, si kwa kulewa. Hutoa kamba, nguo, karatasi na mafuta. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 ulisema haugusi kilimo cha mmea huo kikiwa cha viwandani pekee. Marekani, kwa sheria yake ya kilimo ya 2018, iliweka mpaka: THC, ile kemikali inayolevya, isipozidi asilimia 0.3, hilo ni zao kama mazao mengine. Sheria yetu ya 1994 haikuweka kipimo kama hicho. Lugha ya mtaani nayo haikuweka. Zote twaziita bangi.

Hata wenye kipimo wanapata taabu. Januari 2019, dereva wa lori aliyetoka Oregon kwenda Colorado alikamatwa Idaho na zaidi ya kilo 3,000 za mmea huo. Mzigo ulikuwa na karatasi zake za zao la viwandani, na bado ulizuiliwa, naye akalala ndani.

Kwa macho na pua huwezi kuzitofautisha, mpaka maabara. Askari kwenye kizuizi cha barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga hana maabara mfukoni. Wa boda pia hana. Anayejua ni mmoja tu, aliyefunga mzigo.

Kuna atakayesema: basi wa boda afungue kila kifurushi. Ana hoja, maana wako wanaolipwa nauli mara tatu na hawaulizi kitu. Kutojua kwa makusudi si usafi wa moyo. Nauli ikizidi mno, uliza, na usipojibiwa, acha.

Lakini huku kwetu mzigo ni amana. Mama wa Diani akisema, "Mwanangu, nifikishie haya kwa dadangu Msambweni," kijana huitika, "Haya, mama," akaondoka. Tukimlazimisha apekue kila mfuko tutakuwa tumemgeuza askari, na watu wenyewe kwa wenyewe watakoma kuaminiana. Na hata akipekua, akaona chupa ya mafuta au majani makavu, atajua nini?

Kwa hivyo naona wajibu wa kusema hutangulia wajibu wa kuuliza. Amana ina pande mbili. Anayepokea hulinda mali. Anayekabidhi sharti amlinde anayebeba, kwa kumwambia ukweli kabla hajawasha pikipiki. Ukimficha, umechukua uhuru wake ukauweka rehani bila idhini yake. Hili lamhusu mlanguzi, na lamhusu pia mgeni wa hotelini anayetuma kichupa chake cha mafuta kwa rafiki ng'ambo ya mji. Kusema "kwetu ni halali" kwaweza kutuliza dhamiri yake, ila hakumsaidii kijana aliye kizuizini.

Sheria nayo ifanye sehemu yake: itofautishe kamba na kilevi, na kabla ya kuuliza nani alibeba, iulize nani alijua. Mpaka siku hiyo, mwenye mzigo aseme. Ikiwa hawezi kuutaja mbele ya mbebaji, aubebe mwenyewe.