Kiasi na Kukesha

Mtakatifu Petro, katika Waraka wake wa kwanza, aliwaagiza Wakristu mambo mawili kwa pamoja: kuwa na kiasi, na kukesha. Hakuyatenga, maana asiyekesha hajui kiasi chake kimekwisha lini. Maagizo hayo twapenda kuyafikiri leo pamoja nanyi, wasomaji wapenzi, hasa ninyi baba na mama wa nyumba, juu ya jambo la pombe.

Kanisa halifundishi kwamba kinywaji ni najisi. Bwana wetu Yesu Kristu aligeuza maji kuwa divai arusini Kana, na Mtakatifu Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Lakini Paulo huyohuyo aliwakataza Waefeso kulewa. Tena madaktari wametuonya: tangu mwaka 1988 pombe imehesabiwa miongoni mwa vitu viletavyo saratani, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kipimo cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Mama mwenye mimba yampasa aiache kabisa.

Ulevi hauji kama mnyang'anyi avunjaye mlango. Huja kama mgeni, huketi, huzoea, na mwishowe hudai ufunguo wa nyumba. Kwa hiyo yafaa kumpokea kwa macho wazi. Kila jioni Mkristu hufundishwa kupeleleza moyo wake. Basi aupeleleze na juu ya kikombe pia. Ajiulize: Nanywa kwa furaha ya kukaa na wenzangu, au nakimbia deni na huzuni? Nilikusudia chupa ngapi, nami nimekunywa ngapi? Fedha hii ilikuwa ya bia, au ya karo? Watoto wasikiapo hatua zangu mlangoni, hufurahi au hunyamaza? Naye akiazimia kukaa juma moja bila kunywa, akashindwa, amekwisha pata jibu.

Akijibiwa hivyo, asikate tamaa. Matt Talbot, kibarua wa mji wa Dublin, alianza kunywa akiwa na umri wa miaka 12, na kwa miaka mingi mshahara wake uliishia kilabuni. Siku moja mwaka 1884, akiwa hana hata senti, alisimama nje ya kilabu akitumaini kwamba rafiki mmoja atamkaribisha. Walipita wote. Alirudi nyumbani, akaenda kwa padre, akaweka ahadi ya miezi 3 tu. Ilipokwisha aliongeza, hata ikawa ya maisha. Kila asubuhi alihudhuria Misa kabla ya kazi, naye alifariki mwaka 1925 akiwa njiani kwenda kanisani. Mwaka 1975 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Lakini tuseme na hili: mtu aliyekunywa sana kwa miaka asiache ghafula peke yake. Mwili waweza kutetemeka, kupatwa na degedege, hata kufa. Jamaa zake wasimfungie chumbani, wampeleke hospitali. Padre ana kazi yake, na daktari ana yake.

Nasi sote tuna sehemu yetu. Ni aibu kwamba sikukuu ya Komunyo ya kwanza, mtoto akiwa bado katika mavazi meupe, hugeuka karamu ya walevi, na asiyekunywa huchekwa. Mgeni akikataa bia, mpeni chai au maji kwa heshima ileile, msimwulize sababu. Huenda usiku huo anapigana vita asivyoweza kuvisimulia.

Mwenyezi Mungu atujalie nyumba ambazo watoto hukimbilia mlangoni baba arudipo.